Probox ya shemeji: komputa inasema petroli kidogo, ekzosi inasema nyingi

Jumamosi, asubuhi

Gari ni Toyota Probox ya 2005, injini ya 1NZ-FE, lita moja na nusu. Ni ya shemeji. Kazi yake ni kupakia ndizi na mboga Luanda, ile ya Vihiga, alfajiri na kuzishusha soko la Kibuye, Kisumu, kabla wachuuzi hawajapanga meza. Malalamiko yenyewe: imeanza kula petroli vibaya, taa ya injini imewaka na haizimiki, na ikikwama kwenye foleni ya Kondele inanuka petroli mbichi mpaka abiria anashusha kioo.

Mafundi waliokwisha kuitazama wametoa jibu moja: sensa ya oksijeni imekufa, nunua nyingine. Inawezekana. Lakini kwa maneno hayo hayo shemeji ameshanunulishwa plagi na filta, na gari halikubadilika. Sensa ya maana haina bei ya filta. Nimemwambia aniachie gari wikendi, atafute pikipiki ya kubebea mzigo, nami nitaandika hapa kila ninachopima.

Kidude changu cha Bluetooth kiligoma kabisa kuongea na gari. Sikushangaa, maana Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile zinatumia JOBD, lugha ya Kijapani ya komputa ya gari kuongea na skana, na vidude vya bei nafuu haviijui. Nikaenda kuazima skana kwa jamaa mwenye gereji upande wa Obote Road. Hiyo ilisoma mara moja, ikatoa kodi mbili, yaani namba za hitilafu:

P0171, yaani hewa imezidi petroli.
P0135, yaani saketi ya hita, kile kipasha joto cha ndani ya sensa ya kwanza ya oksijeni, ina kasoro.

Wengi wakiona P0135 wanakimbilia dukani. Kodi hiyo inataja saketi, haitaji kifaa. Saketi ni fyuzi, rilei, waya, plagi ya waya, hita yenyewe, na komputa inayoiwasha. Chochote kati ya hivyo kikikatika, kodi ni ile ile.

Nikafungua ukurasa wa marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo komputa inaongeza au kupunguza. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa, marekebisho ya muda mrefu yalikuwa +24%, ya muda mfupi yakichezacheza karibu na +9%. Nikikanyaga mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, ya muda mrefu yanashuka hadi +11%. Gari zima huwa ndani ya 5 hivi, juu au chini ya sifuri. Kwa hiyo komputa inaamini injini ina njaa, na inamwaga petroli zaidi na zaidi kuishibisha.

Sasa nenda nyuma ya gari. Nimeingiza kidole kwenye bomba la ekzosi kikatoka na masizi meusi, makavu, ya kupaka ukutani. Nimefungua plagi zote nne: nyeusi vile vile. Injini yenye njaa ya petroli haitoi masizi. Huku komputa inalia njaa, huku plagi zinalalamika kuvimbiwa. Hapo kazi ikaanza kunoga.

Jumamosi, jioni

Shemeji amekuja kuuliza, "Vipi, ni sensa ama si sensa?" Nimemwambia bado. Hajapenda jibu hilo, lakini amekunywa chai akatulia, nami nikamchorea kwenye karatasi. Naweka maelezo hapa pia, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea jambo hili.

Sensa hii haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Ndani ya ncha yake kuna kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu pande zote mbili. Upande mmoja unaguswa na moshi, wa pili unaguswa na hewa ya nje. Ikipata joto la nyuzi 300 na kitu, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo inazaa umeme mdogo: karibu volti 0.9 moshi ukiwa hauna oksijeni, karibu 0.1 ikiwa imebaki tele. Kwenye 0.45 ndipo ulipo ule uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Bosch ndio walioiingiza barabarani mwaka 1976, kwenye Volvo zilizouzwa Marekani, na kanuni ya sensa za aina hii ni ile ile mpaka leo.

Komputa inatumia umeme huo kubahatisha kwa akili: inaongeza petroli mpaka volti zipande, inapunguza mpaka zishuke, inaongeza tena. Ndiyo maana sensa nzima haitulii. Anayepima kwa multimita akaona namba zinaruka akadhani ni mbovu amekosea, kwani iliyotulia ndiyo ya kuogopa.

Sasa, ikiwa kinachopimwa ni oksijeni, chochote kinachoingiza oksijeni ya ziada kwenye moshi kitaifanya sensa iseme "hewa imezidi", hata kama petroli inachuruzika. Silinda isiyowaka inafanya hivyo, kwa sababu hewa yake inatoka bila kuungua. Tundu kwenye ekzosi kabla ya sensa linafanya hivyo pia. Na sensa ambayo yenyewe imechoka inaweza kukwama chini ikasema hivyo siku nzima.

Silinda zote zinawaka. Nimechomoa koili moja moja na injini inayumba sawasawa kwa kila moja. Hewa inayopenyea upande wa kuingiza, kwa mfano mpira wa vakyumu uliopasuka, nayo huleta +24 inayopungua ukikanyaga. Nimepulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio yote ya upande huo, mizunguko haikubadilika. Tena hewa hiyo ingekuwa ya kweli, komputa ingeongeza petroli inayostahili na plagi zisingekuwa nyeusi. Masizi ndiyo yanayoamua: komputa inadanganywa, na anayeidanganya yuko upande wa ekzosi.

Jumapili

Nimewasha gari likiwa baridi, kabla hata ya kunawa uso. Kuna sauti: tik, tik, tik, nyuma ya injini, inafuata mizunguko. Ndani ya dakika chache injini ikapata joto na sauti ikapotea. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba mwanya, ndiyo maana mafundi wanaopelekewa gari limetoka safari hawaisikii.

Kwenye 1NZ-FE ekzosi iko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na kabini. Huoni kitu bila taa na kioo. Badala ya kubahatisha nimelipeleka kwa vijana wa kuosha magari wenye blowa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, tumeziba mdomo wa blowa kwa matambara kwenye bomba la nyuma, ikapuliza hewa kwenye ekzosi nzima, nami nikawa juu na chupa ya kunyunyizia maji ya sabuni ya unga.

Maungio ya chini hayakutoa kitu. Kwenye manifoldi, mabomba yanayokusanya moshi wa silinda, pale inapokutana na kichwa cha injini, silinda ya tatu, povu likaanza kuvimba. Kwanza kiputo kimoja cha ukubwa wa punje ya hindi, kikapasuka, kisha kundi zima likitambaa kando ya gasketi. Kijana wa blowa akapiga mluzi. Sensa iko chini kidogo ya hapo, kwa hiyo kila kinachoingia kwenye mwanya huo kinapita mbele yake.

Kijana akauliza swali la haki: moshi si unatoka tu, hewa inaingiaje? Moshi hautoki mfululizo. Unatoka kwa mapigo, valvu ikifunguka. Kati ya pigo na pigo, mkandamizo ndani ya manifoldi unashuka kuliko wa nje kwa muda mfupi mno, na mwanya unafyonza hewa. Mizunguko ikiwa ya chini nafasi kati ya mapigo ni ndefu, hewa inaingia nyingi, ukikanyaga inapungua. Hesabu inakubaliana kabisa na +24 na +11 za jana.

Kisha nikaona kitu kingine kwa kioo. Kando ya gasketi kumetokeza utepe mwekundu uliobabuka. Silikoni. Kuna fundi aliyewahi kufungua manifoldi hii, akarudisha gasketi kuukuu, akaipaka silikoni nyekundu ya tyubu na kukaza. Silikoni ile ni nzuri kwa sampo ya oili. Kwenye manifoldi ya ekzosi inaungua. Na kuungua siyo hasara yake kubwa: mvuke wake unabeba silika, na silika ikifika kwenye sensa inaganda juu ya kauri, sensa inakosa kupumua. Sasa nina sababu ya kuishuku sensa yenyewe, ambayo jana sikuwa nayo.

Jumatano, baada ya kazi

Gasketi mpya ya chuma imeingia. Nati mbili za manifoldi zilikuwa zimeshaliwa pembe, zikaniweka hapo hadi giza. Uso wa kichwa nimeukwangua silikoni yote kwa wembe, polepole, kwa sababu ni alumini. Sikupaka kitu, gasketi ya chuma haitaki chochote.

Nimefuta kodi, nikawasha. Tik tik imekwisha. Baada ya kuzunguka mpaka Mamboleo na kurudi, marekebisho ya muda mrefu yameshuka kutoka +24 hadi +8, na P0171 haijarudi. P0135 ilirudi kabla sijafika hata raundabauti.

Basi sasa nikaanza na sensa. Skana ikichora mstari wa volti, injini moto, mizunguko 2,500. Kipimo cha zamani cha Toyota kinataka volti zipande na kushuka mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 10. Hii ilijikokota mara tatu, kilima kirefu, bonde refu. Nikapulizia kidogo gesi ya kujazia viberiti vya gesi kwenye njia ya hewa: sensa nzima ingeruka hadi 0.8 papo hapo. Hii ilifika 0.7 baada ya kama sekunde mbili. Nikachomoa mpira wa vakyumu ili hewa izidi: ikashuka, tena kwa kujivuta.

Inasema ukweli, ila kwa kuchelewa. Ni sawa na kumpa mtu mwenye mafua samaki anuse: atakuambia ameoza, lakini wewe utakuwa umeshala.

Kuhusu hita. Fyuzi nzima. Funguo ikiwa imewashwa, kwenye plagi ya waya, upande wa gari, kuna volti 12 na kitu, kwa hiyo umeme unafika. Upande wa sensa kuna waya nne: mbili nyeusi za hita, ya bluu ya ishara, nyeupe ya ardhi yake. Kati ya nyeusi mbili, ikiwa baridi, natarajia omu 11 hadi 16. Multimita inaandika OL. Mzunguko umekatika.

Ningeweza kufunga jalada hapo, lakini waya hizo zilikuwa na bandeji nene ya teipu nyeusi. Nikaifungua. Ndani kuna maungio manne yaliyolehemiwa kwa risasi: mtu alikata plagi ya gari jingine akaiunga hapa. Huenda kilichokatika ni ungio tu. Nikatoboa ngozi ya waya kwa sindano, chini ya ungio, upande wa sensa, nikapima tena. OL. Hita yenyewe ndiyo iliyokufa.

Kulehemu waya za sensa hii ni mazoea ya jua kali ambayo yanaonekana kama ufundi mzuri, na hapa si mzuri. Ile hewa ya nje ambayo kauri inailinganisha na moshi, kwenye sensa nyingi inaingia kwa kupenya katikati ya nyuzi za waya. Risasi na asidi yake vinaziba njia hiyo. Waya hizi huungwa kwa vishikizo vya kubana, na plagi yake haipakwi grisi.

Ijumaa

Kuitoa. Soketi ya kawaida haiingii kwa sababu ya waya, na spana ya mdomo wazi itateleza. Nimempelekea mchomeleaji soketi ndefu kuukuu ya 22, akaipasua ubavuni kwa grainda ili waya upite. Mafuta ya kulegeza kutu tangu jana usiku, injini ikawashwa ipate joto la kushikika kwa glavu, kisha nguvu ya taratibu. Ilitoa mlio mmoja mkali, nikadhani uzi umekwenda, kumbe imekubali. Uzi wa manifoldi, M18, umebaki mzima.

Ncha yake nimeiangalia juani kwa muda. Nyeusi ya masizi, nilivyotarajia baada ya miezi ya kunyweshwa petroli. Lakini kwenye matundu ya kofia ya chuma, ukikwangua masizi kwa ukucha, chini kuna utando mweupe wa chengachenga unaong'aa kidogo. Masizi peke yake yanaweza kuungua yakatoka gari likipewa barabara ndefu. Ule weupe hautoki. Ndiyo ile silikoni, imesafiri kutoka kwenye gasketi ikaja kukaa hapa. Fundi mmoja na tyubu moja: amefungua mwanya juu, amefunga pua chini.

Nyumbani nimemaliza udadisi kwa meko. Sensa nimeishika kwa koleo, ncha ndani ya mwali wa bluu, multimita kwenye waya wa bluu na mweupe. Mama watoto amesimama mlangoni ameshika kiuno, akitaka kujua chakula cha jioni kitapikwa lini na kama hicho kitu kina sumu. Baada ya dakika hivi chuma kikaanza kuwa chekundu, volti zikapanda: 0.2, 0.4, 0.6, zikaishia 0.68. Nikaitoa kwenye mwali. Sensa nzima huanguka mara moja hewa ikiigusa. Hii iliteremka hatua kwa hatua, naweza kuzisoma namba kwa sauti. Sasa shemeji nitampa jibu: ni sensa, na haikuwa sensa peke yake.

Jumamosi

Kununua ndiko kulikochosha kuliko yote. Jambo la kwanza la kumwambia muuzaji si "Probox", ni namba. Kwa Toyota, namba ya spea inayoanza na 89465 ni sensa ya oksijeni ya kawaida kama hii. Inayoanza na 89467 ni ile ya kupima uwiano wa hewa na petroli. Mara nyingi zinafanana kwa macho, uzi ni ule ule, lakini zinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa na komputa ya gari hili haitaielewa. Hita yake pia ni ya omu chache sana. Duka la kwanza waliniletea hiyo na kuapa kwamba "zote ni moja, boss".

Nimetembea na multimita mfukoni. Ex-Japan, yaani zilizokwisha kutumika Japani, zilizorundikwa kwenye karai zilikuwa za bei rahisi, na nyingine hita zake ni nzima, lakini sensa za aina hii huhesabiwa kuwa zimechoka zikifika kilomita laki moja na nusu hivi, na hakuna anayejua hizo zimetembea ngapi. Mpya moja, boksi zuri, ilisoma omu 5. Nikairudisha kaunta bila ugomvi. Niliyochukua imesoma 13.2, ina plagi yake ya kiwandani, waya hazihitaji kukatwa. Uzi umeshapakwa grisi yake, kwa hiyo sikuongeza. Nimeikaza nyutoni-mita 44 kwa spana ya kupimia niliyoazima pamoja na skana.

Kodi zimefutwa. Nimelipandisha gari Kiboswa, ule mlima wa kutoka Mamboleo unaoilazimisha injini kusema kweli, mpaka Majengo, nikarudi.

Muda mrefu +3, muda mfupi unacheza kati ya -4 na +5. Mstari wa volti unapanda na kushuka upesi kiasi kwamba skana yenyewe inashindwa kuufuata. P0135 haijarudi. Komputa inaanza kuisikiliza sensa chini ya dakika moja baada ya kuwasha, ambayo ndiyo kazi ya hita. Zamani ilingoja moshi uipashe joto, na kwa safari fupifupi za mjini huenda ilikuwa haiisikilizi karibu nusu ya njia.

Jumanne

Shemeji amepiga simu akiwa Luanda. Anasema mshale wa petroli "umekuwa mzito kushuka", na harufu imeisha. Kipimo cha lita nimemwomba aanze kukiandika, mshale siuamini.

Kimebaki kiporo kimoja. Sensa ya pili, iliyo baada ya katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), inatakiwa iwe tulivu kwa sababu katalisti nzima inalainisha mabadiliko ya oksijeni. Ya gari hili inatikisika, si sana, lakini inafuatana na ya kwanza. Katalisti iliyolishwa petroli mbichi muda wote huo, pamoja na silika, itakuwa imeumia. P0420, kodi ya katalisti iliyochoka, haijawaka. Fundi mmoja ameshamwambia shemeji atoe sega la ndani aliuze na kuacha ganda tupu, na bei aliyotajiwa imemtia tamaa. Nimemwambia asubiri. Masizi bado yanaungua yakitoka, na nataka nione mstari wa sensa ya pili baada ya tanki moja au mawili ya safari ndefu. Nikipata skana tena mwisho wa mwezi nitaweka michoro miwili kando kwa kando.